Bora

Mjini Trieste upepo wa majira ya baridi una jina,
wanauita bora.
Zamani ukivuma walifunga kamba kwenye pembe za barabara
watu washike, wasichukuliwe na mikoba yao.

"Ukikata tiketi mwenyewe ndiyo bora, baba,"
alisema mwanawe kwa simu, kutoka Graz,
na ile bora nyingine ikagonga madirisha, kama iliyoitwa.
Hivyo Livio Pertot, miaka sabini na miwili,
akaamua haendi kwa Ondina.

Ondina wakala ana ofisi nyembamba karibu na duka la vifungo:
meza moja, viti viwili, kalenda ya kampuni iliyokwisha filisika.
Miaka kumi na tisa Nives alikaa kiti cha kushoto
akifunua vitabu vya picha, Bergen, Madeira,
kisha akasema, "Mwakani,"
na Ondina akaandika kwa penseli kwenye kadi ya manjano:
mwakani.

Ya nini mtu wa kati? Livio alijiuliza, jikoni, kwa sauti.
Meli yenyewe aliichomelea yeye,
kule Monfalcone, amelala chali ndani ya tumbo la chuma,
cheche zikimdondokea ukosini.
Anajua ukuta upi mwembamba,
bomba la maji machafu linapita juu ya kitanda cha nani.
Mkono mtupu haulambwi, sawa,
lakini leo kila mtu na alambe wake.

Akawasha kompyuta ya mjukuu.
Ikamwonesha bahari safi kuliko bahari.
Ikauliza: Abiria wangapi?
Na kabla hajajibu ilishajijazia yenyewe: wawili.

Aliitazama ile mbili
jinsi unavyolitazama koti la mtu kwenye msumari.
Pembeni palikuwa na alama ndogo ya kutoa.
Ukiigusa, mmoja anaondoka.
Aligusa.

Bei haikupungua hata senti.
Kwa herufi za ukubwa wa chawa ilielezwa
kwamba alalaye peke yake hulipia na mto wa pili.
Vyumba vitatu tu vimesalia! ilipiga kelele,
kwake yeye, aliyevihesabu vyote vikiwa bado vyuma vitupu.
Zimebaki dakika tisa.
Nane.

Hakuna aliyemwambia pole.
Na hilo, kusema kweli, ndilo alilolikimbilia humo:
mahali pasipo na mtu wa kuuliza, "Na Nives je?"

Akavaa kofia. Akaivua; bora ingeichukua.
Alipita akishika kuta, maana kamba hazifungwi tena,
na mlango wa Ondina aliufungua kwa bega.

Ondina hakuuliza.
Siku ya mazishi alisimama nyuma kabisa, karibu na ndoo za maua,
na Livio alimwona.
Alitoa tu kadi ya manjano, akaigeuza.
Nyuma, kwa penseli ileile, maneno ya Nives:
Tusiwekwe karibu na injini.
Ataamka usiku kwenda kuikagua.
Akilala chali anakoroma; upande wa ukutani ni wake.
Usimwambie nimesema.

Livio aliisoma mara mbili, mdomo wazi kidogo.
"Mimi? Nakoroma?"

"Bei ni ileile uliyoiona," alisema Ondina.
"Wanaonilipa ni kampuni, si wewe. Hukujua?"
Akapiga simu. Akabembeleza, akafoka,
akataja jina la bosi, akangojeshwa na muziki wa zeze.
Ule mto wa pili walikataa kuufuta.
Walikataa katakata.

"Samahani," alisema, ameziba simu kwa kiganja.
"Niwaambie angalau wauondoe kitandani?"

Livio alikuwa amekaa kiti cha kulia, koti hajalivua,
anakitazama cha kushoto.

"Waache," alisema. "Nimeulipia."