Milimita Tatu

Ndahani, faili lako limefika
kwenye flashi yenye vumbi la Hombolo,
imefungwa ndani ya leso pamoja na nauli ya mama yako.
Nimelifungua saa mbili usiku, Barabara ya Sita,
mtambo umelala, umeme bado haujabadili mawazo.

Umechora vizuri. Naanza na hilo
kwa sababu yanayofuata si matamu.

Zambarau yako inayong'aa hivyo
ni ya kioo tu, ni taa iliyovaa rangi.
Karatasi haina taa mgongoni.
Huku tuna makopo manne:
samawati, majenta, njano, nyeusi,
na kila kitu, hata uso wa bibi harusi,
hata vumbi la Kizota mwezi wa Septemba,
lazima kipitie humo.
Nilipoigeuza ilififia mbele ya macho yangu
kama kitenge kilichofuliwa kwa maji ya chumvi.
Mama yako alikuwa ameniachia kishada kutoka kwenye ndoo,
alikiweka juu ya kibodi: "Fuata hii."
Basi sikufuata skrini.
Nikaongeza majenta, nikaiminya njano karibu na sifuri,
nikala zabibu moja, nikaongeza tena.

Picha ya shamba uliitoa wasapu.
Ina nukta sabini na mbili kwa inchi, mtambo unaomba mia tatu.
Ukiivuta haikui, inatanuka,
kama uji ulioongezwa maji wageni walipozidi.
Nilikuomba ile halisi; ukasema simu ilitumbukia kisimani.
Nimeiweka ndogo kama stempu. Hapo imesimama.

Halafu ukingo.
Rangi umeiishilizia pale pale karatasi inapoishia.
Kisu cha mzee Chidumizi ni kikali ila kina usingizi kidogo,
kikisogea unywele mmoja
weupe utachungulia kama shimizi chini ya gauni.
Rangi lazima ivuke mpaka, milimita tatu,
ifike mahali isipohitajika
ili inapohitajika isipunguke.
Tunaiita blidi. Nimeivusha.

Maandishi madogo uliyajaza makopo yote manne;
nimeyarudisha kwenye nyeusi peke yake,
maana sahani zikipishana hata kidogo
kila herufi huzaa pacha.

Mwisho nikageuza herufi kuwa michoro.
Kompyuta ya mtambo haina fonti yako,
na isiyoijua huweka ya kwake bila hodi.
Tangu hapo jina si jina, ni kona na mikunjo,
kompyuta yenyewe haiwezi kusoma ilichokibeba.

Prufu tuliisoma watatu:
mimi na diploma yangu, Yuditha wa mapokezi,
Chidumizi na miwani yake yenye uzi.
Tukasema safi.

Mama yako akaja asubuhi.
Rangi hakuitazama.
Alianza kusoma akiwa na miaka arobaini na sita,
darasa la jioni, nyuma ya kanisa,
na hadi leo halimezi neno zima.
Akaweka kidole kwenye jina lake,
akakisukuma kama anayechambua mchele.
Se.
Che.
La.
Akasimama. Akarudi mwanzo.
"Le yangu iko wapi?"

Sechelela. Tulikuwa tumeandika Sechela,
na lebo elfu tano zilikuwa zinasubiri.
Nikarudi kwenye faili lako la awali, lenye herufi zilizo hai,
nimrudishie mwenyewe silabi yake.
Nikaona kwamba hata humo haikuwepo.
Ni wewe, Ndahani. Sikumwambia.
Nilisema mashine.

Alasiri kisu kikashuka.
Vipande vyembamba vya zambarau vikamwagika sakafuni,
rangi tupu, bila neno lolote.
Mama yako akainama, akaokota kimoja, akakigeuza.
"Na hivi nimevilipia?"
"Umevilipia, mama."
Akavikusanya vyote, akavifunga kwenye ile leso,
akauliza gari la Hombolo linaondoka saa ngapi.