Maranda

Alikuja karakana kwangu, Isevya,
mwaka walipoanza kupandisha tuta la reli mpya,
kofia ya kampuni mkononi, vumbi hadi kwenye kope.
Hakutaka kitanda. Hakutaka kabati.
Alitaka kipande cha mninga, upana wa sinia,
akachagua kile nilichokitupa pembeni
kwa sababu kilikuwa na jicho.

"Hicho kibovu," nikamwambia.
"Hiki kinaona," akajibu, kwa Kiswahili cha kambini,
Kiswahili cha kokoto, saruji na haraka haraka.

Shen, mpima ardhi. Mchana kutwa kwenye darubini
akitafuta pa kupitisha treni;
jioni juu ya gogo langu, patasi sita ndani ya kitambaa,
nyembamba kama za kuchokolea meno.
Alichonga kinyumenyume:
mkono wa kulia ukawa wa kushoto,
jina la mamaye likatembea kama kaa.
Mimi naunganisha ili kitu kisimame.
Yeye aliondoa, akaondoa,
na palipoondolewa ndipo pakawa mwanga.

Alisimulia huku akipuliza unga wa mbao:
babu yake alichapa walinzi wa milango,
wenye ndevu na mapanga, wa kubandikwa mwaka mpya,
kwa ubao wa mpeasi aliourithi.
Mwaka wa njaa ubao ule uliivisha uji.
"Uji wenyewe maji," akasema, akacheka kidogo.
Sikucheka.

Wino. Karatasi laini kama ganda la kitunguu.
Kisha mgongo wa kijiko alichoazima kwa mke wangu Kalunde,
ukisugua, ukisugua.
Alipofunua, mama yake alikuwa anatutazama
kwa lile jicho la mninga.

Nakala kumi na mbili. Ya tatu ninayo,
juu ya kalenda ya chama cha tumbaku.

Kambi ilipohamia upande wa Kigoma
alinirudishia ubao. "Piga randa."
Kwao ndivyo: zikitimia, zimetimia,
pasiwe na mkono wa kuongeza ya kumi na tatu.
Nikasingizia randa ni butu.
Akachukua jiwe, akaninolea.

Nikapiga. Mara nne, kutoka paji hadi kidevu.
Maranda yakajikunja, meusi upande mmoja,
nyusi hapa, sikio kule.
Kalunde akayafagia ya kuwashia jiko.
Hakujua. Au alijua, na uji ni uji.

Ubao ule sasa ni kigoda.
Wateja hukikalia wakibishana bei.
Jicho halikutoka:
lilikuwa limeshuka hadi chini.