Njia ya Kurudi

Pongwe, saa moja na nusu asubuhi.
Lori la katani limezima mbele ya gereji
na Singano ananisomea orodha ya marehemu:
betri mbili, Machi; alternata, Mei;
alternata nyingine juzi, "mpya, fundi,
hata vumbi haijaonja."

Sijibu. Namwambia awashe.
Starta inajikokota, dizeli inakohoa, inashika,
na taa ya chaji haizimiki kabisa:
inafifia, nyekundu, jicho la mtu aliyekesha matangani.
Mita kwenye betri: ishirini na nne.
Mita mgongoni mwa alternata: ishirini na nane na ushee.
Basi jikoni kunapikwa.
Chakula ndicho hakifiki mezani.

Umeme ni mkopo, ukitoka lazima urudi.
Njia ya kwenda nzima. Naifuata ya kurudi,
chali, vumbi la chokaa shingoni, tochi menoni,
hadi boliti ya athi, ubavuni mwa chesisi:
rangi.
Buluu, nzito, ya kupendeza,
ile aliyopaka Februari kwa ajili ya ukaguzi,
na waya umekazwa juu yake
kama pete juu ya glavu.

Msasa, nusu kipande.
Nakwangua mpaka chuma kicheke.
Spana kumi na saba.
Ishirini na nane, kwenye betri.

"Kiasi gani?"
Elfu ishirini.
Singano anaokota kile kipande cha msasa,
anakigeuza, anakinusa.

Alternata mbili alilipa bila kukohoa.
Elfu ishirini hii
tumeijadili mpaka adhuhuri.