Ubao Mweusi

Upepo wa Makambako haupigi hodi.
Juni ile ulitukuta kwenye kipindi cha Kilimo,
ukang'oa bati kumi na saba za maabara,
ukazimwaga shambani kwa akina Mgaya, kwenye viazi,
ukatuachia kuta nne
na ubao mweusi unaning'inia kwa msumari mmoja.

Usiku umeme ulikuwa haujarudi.
Mwalimu Editruda Sanga, mzaliwa wa Makete,
sweta mbili, koti la kiume, soksi mikononi,
alisimama katikati ya maabara akasema:
Haya. Dari imeondoka. Tazameni juu.
Kulia kwa Msalaba wa Kusini, pale,
ukungu kama pumzi ya mtu kwenye kioo.

Hatukuuona.
Wachache walidanganya kwamba wameuona.

Basi akaamuru ubao ushushwe, ulazwe juu ya madawati.
Akamtuma Lutengano stoo, kibaba kimoja cha unga.
Akaunyunyiza mpaka weusi ukapauka,
akachomoa wino kwenye kalamu yake,
akabaki na mrija mtupu mdomoni.

Akapuliza.

Katikati pakafunguka peusi.
Unga ukakimbia, ukajikunja pembeni,
ukapanda kingo juu ya kingo
kama povu la uji linalotafuta mdomo wa sufuria.

Hivi ndivyo, alisema akihema.
Nyota nene haina subira. Inawaka kwa pupa,
inajimenya ngozi yake na kuipuliza nje,
na lile wingu lililoizaa
ndilo linalochongwa.

Palikuwa na donge; unga wa stoo una unyevu.
Alipuliza mara tatu, donge likagoma,
na nyuma yake, kwenye kivuli chake,
ukabaki mkia mrefu wa unga, haujaguswa.
Nguzo, akasema. Mle ndani vumbi limepona.
Linasukumwa, linabanana, linapata joto,
siku moja linawaka.
Upepo uleule bomoabomoa
ndio mkunga.

Meno yalikuwa yakigongana, sijui kwa baridi ama kwa nini.

Lutengano akauliza: Na jua letu?
Nalo hupuliza, ila lina adabu kidogo.
Upepo wake ungetoka hapa ukafika Mbeya
kabla hujamaliza kutamka Mbeya.
Mbona hatuusikii?

Mwalimu akafungua koti, akatuonyesha bitana.
Dunia ina chuma tumboni, kimeyeyuka, kinazunguka,
na kwa mzunguko huo inajifumia koti
ambalo hakuna jicho lililowahi kuliona.
Mirihi nayo ililivaa zamani.
Tumbo lake likapoa, koti likachanika,
jua likapuliza, likapuliza, halikuwa hata na hasira,
hewa ikatoka kwa vijiko,
mito ikabaki mifereji.
Akafunga vifungo. Vilikuwa vitatu.
Cha nne alikuwa ameweka pini.

Ndipo Bi Sikitu wa jikoni akaja na kibatari
kilichozimika mara mbili njiani.
Nani kachukua unga?
Hakuna aliyejibu. Ulimwengu ulikuwa mezani,
una tundu, una kingo, una nguzo,
na yeye akauona ulivyo: kibaba pungufu.

Tukainua ubao, wanne wanne, tukaukung'uta juu ya sinia.
Ukaporomoka wote kwa pigo moja,
nguzo pia, na donge.

Ugali ulichelewa, ukawa na rangi ya kijivu.
Mwalimu alikula nasi, amesimama, soksi moja imevuliwa.
Juu ya kuta upepo ulikuwa bado unatafuta
kitu kingine cha kuhamisha.
Nikatafuna, kikasikika: krak.
Chaki.
Kipande kidogo, kigumu, cheupe,
kilichokuwa kimejificha nyuma ya donge.
Nilikizungusha ulimini kwa muda,
nikaangalia kulia kwa Msalaba,
nikakimeza kikiwa bado hakijawaka.