Irabu Isiyo na Herufi

Cherehani yangu iko barazani kwa Songoro, hapa Mwanga, Kigoma,
na tangu Januari nashona sare za chuo cha wauguzi:
nyeupe, kola ya duara, mifuko miwili mbele.
Mwanangu Yasinta ana yake kwenye foleni,
ila mwalimu amemwambia hata jina la kazi yake hajui kulitamka.

Nesi, nikasema. Nesi! Kigumu kipi?
Siyo hivyo, mama. Pale katikati kuna irabu, ndefu,
si a, si e, si o,
na Kiingereza chenyewe hakina herufi yake.
Kinaazima, mara i, mara u, mara e,
kisha kinaweka r pembeni ambayo haisomwi,
kama mlinzi aliyesinzia getini.

Kwao, mama, shati na sketi zina irabu moja.

Nikaondoa mguu kwenye pedali.
Shati na sketi!
Miaka kumi na tisa nazikata mbalimbali,
hii kwa a, ile kwa e,
kumbe zilitoka jora moja.
Na jezi? Na jezi.
Basi waliozipokea mwanzo
walisikia kitu kisicho na mfuko vinywani mwetu,
wakakitia popote palipokuwa na nafasi.

Jioni simu inatamka, yeye anafuata.
Anatoa a, fupi kama dagaa.
Anatoa o, midomo kaikunja kama anapuliza mkaa.
Songoro, fundi redio, hajaulizwa lakini anashauri:
Tia r, binti, Kiingereza ni r!
Ikatoka r ya kuwasha pikipiki,
mama wa mawese akacheka hadi kidumu kikamponyoka.

Mimi nikaleta futi. Kwangu kila kirefu kina kipimo.
Vuta, nikamwambia, kutoka hapa hadi hapa,
inchi sita, usibadili rangi njiani.
Akavuta. Inchi ya tatu ilikuta imeshakuwa a.
Siku hiyo alilia, kidogo, kwa hasira,
akasema heri angejifunza ukunga kwa bibi, kwa Kiha.
Sikumjibu. Ila bibi yake akisema mwakeye,
ile e ya katikati unaweza kuanikia nguo.

Jumamosi treni ilichelewa, soko zima linangoja mizigo.
Nilikuwa nimepiga magoti napinda upindo wa sare yake,
pini nne midomoni.
Mama, mikono iwe mirefu?
Ningejibuje? Ulimi ulikuwa umelala,
haugusi juu, haugusi chini,
midomo haicheki wala hainuni.
Nikaguna tu,
mguno mrefu wa mtu mwenye kazi.

Akaruka, upindo ukanichoropoka.
Hiyo! Mama, hiyohiyo! Rudia!

Nikarudia.
Akachukua pini zangu, akazibana kwa midomo yake,
akaguna. Akatoa ya kwanza, akaguna. Ya pili.
Ya tatu.
Irabu ikabaki palepale, haikutikisika.

Ya nne kaichomeka ndani ya kola.
Jumatatu, anasema, nikikwama nitaigusa.

Mikono niliiacha mirefu.