Mita Mia Tatu

Watoto walichanga. Ujumbe ukaja kwa simu:
mama na baba, usiku mmoja mtoni,
chakula ndani, godoro ndani, chandarua ndani.
Bwanaheri akausoma mara mbili
akitafuta mahali palipoandikwa bei.

Miaka thelathini na mmoja amesoma mita za maji
Maweni, Barani, Muyeye, Kisumu Ndogo,
akipiga magoti kwenye nyua za watu,
akifuta utandabui kwa kidole gumba,
akiandika namba. Mbwa wote wa Malindi wanamjua.
Na maji yale yote yatoka Sabaki,
na Sabaki yeye ameivuka kwa basi tu,
juu ya daraja, amelala.

Tukapanda saa kumi na nusu.
Boti ina paa la turubai lenye jina la benki iliyofungwa.
Nahodha Mwaringa, kijana wa miraba minne,
akatuhesabu: wawili,
kana kwamba mmoja angeweza kupungua njiani.
Dhahabu wa jikoni alishaanza kumenya vitunguu.
Maji rangi ya chai ya maziwa,
udongo wa bara, mashamba ya watu tusiowajua
yakipita chini yetu kwenda baharini
bila hati.

Mita mia tatu. Si zaidi.
Mashine ikakohoa, boti ikapanda fungu la mchanga
ikatulia kama kuku aliyeyafikia mayai yake.
Mwaringa akaruka; maji yakamfika magotini.
Akautazama mto, akautazama mwezi, akatutazama sisi.
"Yanakupwa," akasema. "Hadi alfajiri."
Nyuma yetu daraja lilionekana zima,
malori ya Garissa yakiwasha taa moja moja.

Nilicheka. Kwanza kwa pua, halafu kwa tumbo.
Nilikuwa nimevaa leso mpya ya safari,
jina lake MBALI NDIKO KWANGU.

Bwanaheri hakucheka. Alichukua upondo,
akauchomeka mchangani kando ya boti,
akafunga uzi wa gunia pale maji yalipoishia.
Kila nusu saa tochi, kuinama,
magoti yale yale, kusoma.
Nikamwambia, mwanamume, uko likizo.
Akasema, najua.
Akasoma.

Tulikula wali na papa kwenye sahani moja,
mwiko mmoja wa pilipili umezidi,
tukifuta machozi kwa ncha ya MBALI.

Halafu, usiku wa manane, viboko.
Watatu, labda wanne,
wakihema kama wazee waliopanda ngazi za korti.
Dhahabu akafunika makaa.
Mwaringa, kifua chote kile, akashika tasbihi ya mamangu.
Maji yakasukumwa, yakarudi, yakasukumwa.
Mkono wa Bwanaheri ukaushika wangu gizani,
nikaihisi sugu ya kidole gumba,
ile ya kufuta vioo,
nikashangaa: nyumbani tuna kitanda cha futi sita
na hatujakutana humo tangu kitindamimba aende chuo.
Hatukusema. Viboko hawapendi maneno.
Wakapita. Mkono ukabaki.

Kabla ya jua maji yakaanza kupanda, ya chumvi,
yakitokea upande wa bahari,
yakiurudisha mto ulikotoka
kama mpangaji anayerudi kuchukua sufuria aliloisahau.
Boti ikatikisika. Uzi ukazama.
"Imesoma ngapi?" nikamuuliza.
Bwanaheri akaufungua kwenye upondo,
akauzungusha kidoleni, akautia mfuko wa shati.
"Hii," akasema, "haina wa kuikata."

Simu ikalia. Watoto, wote kwa pamoja:
Mmefika wapi? Mmefika wapi?
Nikalitazama daraja, basi la kwanza likipita juu,
watu wamelala, vichwa kwenye vioo.
"Mbali," nikasema.

Dhahabu akaleta mahamri yaliyoungua upande.
Mwaringa akavuta kamba ya mashine,
mara ya kwanza,
ya pili.