Kitunguu Maji, Newala

Huku kwetu juu tunakiita kitunguu maji,
na maji hatuna.
Dumu linapanda kilima kutoka Mitema
kwa bei ya kubembelezana.
Kitunguu chenyewe hakioti mchanga huu wa mikorosho;
kinakuja na lori, lumbesa za Singida
zimefungwa kamba kama wagonjwa,
zinafunguliwa sokoni kwa Nangumbi,
fungu mia tano,
na kile kilichooza kimekaa chini, kinasikiliza.

Mimi hununua kimoja tu.
Ni mtunza maabara: sina mchuzi, nina hadubini.
Kidato cha pili wanachuna utando,
mwembamba kuliko karatasi ya sigara,
tone la iodini, kioo juu,
halafu Sikujua Mkwapa anapiga ukelele:
"Mwalimu, humu kuna nyumba!"
(Mimi si mwalimu. Sikumsahihisha.)
Nyumba kweli, ukuta kwa ukuta,
kila chumba na kiini chake kama chemli iliyopunguzwa utambi.
Nikawaambia: hiki si mzizi.
Ni majani, yamenenepa gizani
kwa kuogopa kiangazi.
Shina ni hicho kisahani cha chini,
mnachokikata kwanza na kukitupa.

Nikawaambia na ya Misri ya kale,
mfalme aliyezikwa na vitunguu machoni.
Ili aone? Ili alie?
Wanaojua hawajakubaliana.

Bibi yangu, Abiba Nantende, Misri hakuijua
wala haikumpungukia.
Alikuwa na kipande cha unyayoni, soksi juu, homa ishuke.
Alikuwa na mwiko: usiku kitunguu hakitajwi,
unaomba "kile chenye nguo nyingi",
na jirani anakupa bila kuuliza.
Alikuwa na kitendawili:
Nimemvua yeye, nimelia mimi.

Kwa nini tunalia, hilo nilijitafutia mwenyewe.
Ndani ya chumba kimoja wanakaa wawili,
mmoja kafungiwa kwenye kifuko,
mwingine nje ya kifuko,
pazia katikati.
Hawasalimiani. Kitunguu kizima hakimlizi mtu.
Mpaka kisu kipite,
pazia lichanike, wakutane,
na kukutana kwao ndiko kunakopanda machoni.

Nilisoma hayo nikafunga kitabu.
Nyumba yetu Luchingu ina milango miwili:
wa mama yangu, Somoe,
na wa mama mdogo, Fidea.
Miaka kumi na mmoja walisemezana kupitia sisi watoto.
"Mwambie mwenye chumvi airudishe."
"Mwambie hiyo chumvi ni ya nani."
Baba katikati, pazia lenye koti.

Msimu ule alikwenda mnadani kupima korosho,
akarudi amebebwa.

Siku ya arobaini, gunia zima la vitunguu,
visu viwili, mkeka mmoja.
Walianza wamepeana migongo.
Gunia lilipofika nusu
mama akasema, kwa mdomo wake, si kwa mtoto:
"Unakata vinene mno."
Na Fidea: "Lete mimi, wewe macho yako mabovu."
Kisha wote wawili wakalia
mpaka kamasi, mpaka ncha za khanga zikalowa.
Wageni wakasema, aa, vitunguu vikali mwaka huu.
Nami, mtu wa maabara, nikanyamaza,
nikaenda kuchochea kuni ambazo zilikuwa zinawaka vizuri tu.

Kimoja kilibaki nyuma ya mtungi, kikachipua.
Wakakipanda kwenye sufuria lililotoboka,
wakakinywesha maji ya kuoshea mchele.
Kikakonda, kikasubiri.
Baridi ya Juni ilipopita kikatoa fimbo moja ndefu,
na juu ya fimbo, mpira wa maua meupe,
nyuki wawili tayari.
Miaka yote hiyo ya kukata
hawajawahi kuona ua la kitunguu.
Mama akaita ng'ambo, kwa jina,
"Fidea! Njoo uone, kumbe nacho!"

Kuhusu chumvi, bado hawajaelewana.